UZI: Minyoo kwenye jamii za asili, vidonge tunagawa kila mwaka, minyoo inarudi, alafu lawama tunawatupia wao

msoma_slaidi (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu atarudi akitulia. Mimi ni mtu wa maabara, miaka mingi kazi yangu imekuwa kuangalia choo kwenye hadubini, na kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu leo nimeona nilitoe.

Iko hivi. Tulienda kupima minyoo kwenye jamii moja ya asili, watu wa msituni waliokuwa wamehamishiwa kwenye makazi ya kudumu, jamii siitaji na nchi siitaji maana kosa lilikuwa letu sio lao. Sampuli zikakusanywa asubuhi, slaidi zikatengenezwa kule kule, gari likakwama njiani, mpaka zinafika mezani kwangu zina zaidi ya saa nne. Kipimo chenyewe kinaitwa Kato-Katz, unapitisha choo kwenye wavu mdogo, unajaza kitundu cha plastiki kinachobeba miligramu 41.7, unafunika na kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini, unabonyeza taratibu, unasubiri choo king'ae ili mayai yaonekane, unahesabu, unazidisha mara 24 unapata mayai kwa gramu moja. Hakuna cha ajabu hapo, ukifundishwa wiki moja unaweza. Ila sasa ile gliserini inayong'arisha choo inang'arisha na mayai ya safura, yule mnyoo mnyonya damu, ganda lake ni jembamba kama ngozi ya kitunguu, ikishapita nusu saa mpaka saa moja yanapotea machoni pako kabisa. Mayai ya mchango yanabaki na lile ganda lao nene la kahawia, ya minyoo mjeledi yanabaki, yana umbo la kapipa kadogo kenye vizibo huku na huku. Ya safura ndio hayapo tena.

Nikaandika nilichokiona. Mchango, upo. Mjeledi, upo mwingi. Safura, sifuri.

Ripoti ikaenda juu, huko wakasoma hakuna safura, ikapangwa mebendazoli dozi moja. Kwa mchango ni dawa nzuri, inaponya zaidi ya watu 95 kwa kila 100. Kwa safura dozi moja ya mebendazoli inaponya kama mtu mmoja kati ya watatu. Yani wale akina mama niliowaona kwa macho yangu, ukivuta kope la chini ndani ni peupe kabisa, wanapanda kajilima wanasimama mara mbili kuvuta pumzi, wameendelea kunyonywa damu mwaka mzima na karatasi yenye saini yangu inasema hawana kitu. Mwaka uliofuata nikasikia kwenye kikao mtu anasema "hawa dawa tumewapa, tatizo ni wachafu". Nikashindwa hata kumeza mate.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kwenye hizi jamii tunapima vibaya, tunatibu nusu, nusu nyingine hatuifikii, na ikishindikana tunasema ni mila zao. Karibuni tujadili, ntaendelea hapo chini.

msoma_slaidi (mleta uzi)

Naendelea. Kwanza tuelewane hawa wadudu wanaishije, ukishaelewa hili mengine yote yanakuja yenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.5 duniani wana minyoo inayoenezwa na udongo. Wakubwa ni watatu, mchango, mjeledi na safura. Mchango jike anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku, siku moja tu, na yai lake likishatoka na choo halimdhuru mtu hapo hapo, linahitaji kukaa kwenye udongo wenye unyevu na joto kama wiki mbili mpaka nne ndio linaiva, na likishaiva linaweza kukaa ardhini miaka. Ukilimeza linapasukia utumboni, lava (mnyoo mchanga) anatoboa ukuta anapita kwenye ini, anafika mapafuni, anapanda na makohozi, unammeza tena ndio anakuja kukua tumboni. Safura yeye yai linapasuka ndani ya siku moja au mbili, lava anakaa kwenye udongo kama siku 5 mpaka 10 akijiandaa, alafu anasubiri mguu. Mara nyingi hamezwi, anaingia kwa ngozi ya unyayo.

Sasa hapa kuna kitu nawaombeni mkifikirie polepole. Watu wanaohamahama msituni, wamekaa kambi moja wiki chache, chakula kimepungua, wanainuka wanaenda kwingine. Mayai waliyoyaacha yanakuja kuiva wao hawapo. Simaanishi wanaohama hawana minyoo, wanayo, ila ule mzunguko wa mtu kukanyaga choo chake mwenyewe kilichoiva unakatika katika. Uwahamishie kwenye makazi ya kudumu, nyumba 40 zimebanana, chanzo cha maji kimoja, njia ya kwenda kichakani ni ile ile kila siku kwa miaka, choo hujawajengea au umejenga vinne. Umebadilisha kila kitu isipokuwa njia ya kujisaidia, alafu unashangaa minyoo imeongezeka. Sio kwamba hawakuwa na akili ya usafi, usafi wao ulikuwa ni kuhama.

mdau_wa_pembeni

Mkuu heshima kwako, uzi mzuri ila naomba nitofautiane kidogo. Mimi nimekaa karibu na watu wa namna hii, kwa nilivyoona miili yao imeshazoea. Mtoto ana tumbo kubwa ila anakimbia tu, anapanda miti. Sisi tukipata minyoo kumi tunalala, wao wanaishi nayo. Na kuna mambo mengine ni mila, huwezi kumlazimisha mtu avae viatu. Kwanini isiwe ni asili yao tu?

msoma_slaidi (mleta uzi)

Mdau asante kwa kusema wazi, hili swali wengi wanalo wanaogopa kuuliza.

Nianze na viatu na "asili". Mwaka 1880 kule Uswisi wakichimba handaki la reli la Gotthard, mafundi wengi wao Waitaliano wakaanza kupauka, kuishiwa nguvu, wengine kufa. Kule ndani joto kali, unyevu, maelfu ya watu, vyoo hakuna, wanajisaidia humo humo wanakofanyia kazi. Walipochunguza wakakuta safura. Wazungu, milima ya Ulaya, juu kuna theluji, chini safura imejaa. Hapo mila ipi tuilaumu?

Tena njoo Marekani ya kusini, mwaka 1909 Rockefeller alitoa dola milioni moja kuanzisha kamisheni ya kupambana na safura kwenye majimbo ya kusini, na walipopima watoto kwenye sehemu nyingi walikuta karibu asilimia 40 wanayo. Kabla ya hapo wakulima maskini wa kule, weupe kwa weusi, walikuwa wanaitwa wavivu, wazito wa akili, watu wasiopenda kazi. Magazeti yakafika mahali yakaita safura kijidudu cha uvivu. Kumbe ni upungufu wa damu. Yale yale waliyoambiwa wakulima wale ndio jamii za asili zinaambiwa leo, neno kwa neno.

Na hiyo habari ya lava kuingia kwa ngozi tuliijua kwa bahati tu, mtafiti mmoja Mjerumani anaitwa Arthur Looss akiwa Cairo mwishoni mwa miaka ya 1890 alimwagikiwa mkononi na maji yenye lava, akaona ngozi inawasha na kuwa nyekundu, baada ya miezi kadhaa akakuta mayai kwenye choo chake mwenyewe. Alikuwa profesa na sabuni anayo. Mdudu hakumuuliza kabila.

Sasa "kuzoea". Kuna jamii ya asili Bolivia upande wa Amazon, wanaitwa Tsimane, watafiti wamekaa nao miaka na miaka. Mwaka 2015 walitoa utafiti kwenye jarida la Science, wanawake 986, taarifa za miaka tisa. Wenye mchango walikuwa wanapata mtoto wa kwanza mapema na kuzaa kwa kupishana karibu karibu, wenye safura kinyume chake, wanachelewa kubeba mimba na nafasi kati ya watoto inakuwa ndefu. Maelezo wanayotoa ni kwamba minyoo inachezea kinga ya mwili ili isifukuzwe, na kinga ikibadilishwa na uzazi unabadilika. Kwa hiyo mwili haujazoea mdau wangu. Mwili umeingiliwa mpaka kwenye kupanga lini mama atashika mimba, yeye mwenyewe hajui na hakuna aliyemuuliza.

Mtoto kukimbia sio kipimo. Mnyoo mmoja wa safura aina ya Necator americanus ananyonya kama mililita 0.03 za damu kwa siku, yule mwenzie Ancylostoma duodenale ananyonya kama mara tano ya hapo. Mia moja wa ile aina ndogo ni mililita 3 kila siku, mwezi unakaribia mililita 90. Mtoto anayekula vizuri anafidia, anakimbia. Siku chakula kikipungua au malaria ikiingia ndio utaona alikuwa anakimbia kwa deni.

nesi_wa_zamu

Kaka mleta uzi umenigusa pabaya. Mimi ni nesi, nimegawa sana hizi kingatiba, naomba nami niseme la kwangu.

Siku ya ugawaji tunaenda shuleni, meza mbili, ndoo ya maji, rejista. Tunaita majina. Kwenye jamii kama hizo unazosema, rejista ina watoto 60 waliofika wanaweza kuwa 35, maana ni msimu wa kuingia porini familia nzima imeondoka. Mwaka mmoja nikiwa nafunga boksi nikaona watoto kama kumi na mbili wamekaa nyuma ya ua wanatuchungulia. Nikawaita, wakaja. Mwalimu akaniambia hao sio wa shule, hawapo kwenye rejista. Nikiwapa, hesabu yangu ya vidonge haitakaa sawa. Niliwapa jamani, niliwapa wote, na nikaandikiwa barua ya kujieleza. Mpaka leo naona nilifanya sawa.

Kingine wale wadogo chini ya miaka mitatu, kile kidonge lazima ukisage ukichanganye na maji, ukimlazimisha mtoto analia huku unamtia kidonge kizima anaweza kupaliwa akafa, na imeshawahi kutokea. Sasa kama umepewa watoto mia mbili na jua linazama nani anasaga? Ndio mama akiona mtoto mmoja kapaliwa mwaka ujao anaficha wote, alafu tunasema wanakataa dawa.

msoma_slaidi (mleta uzi)

Dada nesi Mungu akubariki kwa wale kumi na mbili.

Alichosema nesi ndio kiini cha tatizo la nusu ya pili. Mwaka 2001 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule waliopo kwenye hatari. Lengo zuri, limesaidia mamilioni, mimi silibezi. Ila shule ndio ikawa mlango wa dawa, na jamii za asili ndio hizo hizo ambazo shule iko mbali, au lugha ya shule sio yao, au kalenda ya shule haiendani na msimu wao. Na ukija kwenye safura mtoto sio hata mbebaji mkubwa, mchango na mjeledi wanawapenda watoto, safura inaongezeka kadri mtu anavyokua, imejaa kwa baba na mama. Unamtibu mtoto asubuhi jioni anakanyaga udongo aliouchafua mtu mzima ambaye hakupewa kitu. Kule Kwale nchini Kenya kulifanyika utafiti mkubwa wa TUMIKIA, matokeo yakatoka 2019, wakalinganisha kutibu shule peke yake na kutibu kijiji chote nyumba kwa nyumba, na kijiji chote ndio kilipunguza safura zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa 2017 unawataja hata wanawake wa umri wa kuzaa, na wajawazito wakishavuka miezi mitatu ya mwanzo, ila nenda ukaulize huko porini mara ya mwisho mama mjamzito kupewa ni lini.

Alafu dawa zenyewe. Albendazoli miligramu 400 dozi moja kwa mchango ni karibu asilimia 96 wanapona, safura kama asilimia 79, ila mjeledi ni asilimia 30 hivi. Rudia hiyo namba ya mjeledi. Kule Malaysia Orang Asli, wenyeji wa asili wa rasi, wamepimwa mara nyingi sana na mjeledi ndio unaowatesa, mtoto akiwa nao mwingi anaharisha damu, anadumaa, wengine utumbo wa nyuma unatoka nje. Na ndio mdudu ambaye kidonge chetu kinamshindwa. Watoto wa Orang Asli walipotibiwa na kufuatiliwa, ndani ya miezi 3 karibu nusu walishaambukizwa tena, miezi 6 karibu wanne kati ya watano. Na sio wao tu, walipokusanya tafiti za sehemu mbalimbali duniani wakaona mwaka mmoja baada ya dawa mchango unakuwa umerudi karibu pale pale ulipokuwa, asilimia 94 ya kiwango cha mwanzo. Kwa hiyo tukirudi mwaka ujao tukakuta minyoo, sio kwamba hawakumeza. Walimeza. Ardhi ndio haikumeza.

mpya_maabara

Samahani wakubwa mimi bado mwanafunzi wa maabara, kuna minyoo inaitwa strongiloidi tulifundishwa juu juu tu, mbona hamjaitaja? Na ni kweli haionekani kwenye Kato-Katz?

msoma_slaidi (mleta uzi)

Mdogo wangu umeuliza la maana kuliko hata nilivyopanga. Ni kweli, haionekani, sababu yeye kwenye choo hatoi mayai, anatoa lava, wembamba, wanajinyonga nyonga. Unahitaji njia nyingine, wengine wanatumia faneli ya Baermann, lava wanatoka kwenye choo wanaingia kwenye maji, wengine wanaotesha kwenye aga, ule utomvu mgumu wa kuoteshea vijidudu maabara, wanaangalia njia alizochora akitambaa, wengine wanapima damu. Kwenye ugawaji wa kawaida hapimwi kwa hiyo kwenye ripoti hayupo.

Na huyu ndio wa hatari kimya kimya maana anaweza kujiambukiza ndani kwa ndani, lava anakomaa humo humo utumboni anaingia tena mwilini bila kupitia udongo, mtu anakaa naye maisha yote. Wanajeshi waliotekwa na Wajapani wakalazimishwa kujenga reli ya Burma na Thailand kwenye vita ya pili, walikuja kupimwa zaidi ya miaka 30 baadae wakiwa kwao kwenye vyoo vya kuvuta maji, na bado wapo waliokutwa naye. Sasa mtu kama huyo akija kuumwa kitu kingine, pumu au ngozi, daktari akampa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, kinga inashuka, lava wanafumuka mwili mzima, anakufa na wengi hawajui kilichomuua.

Kaskazini mwa Australia jamii za Waaborijini za vijiji vya mbali zinateswa sana na huyu, nchi tajiri kabisa ile, kwa hiyo isionekane ni suala la nchi maskini, ni suala la nani anafikiwa na nani haonekani. Dawa yake ni ivamektini, albendazoli dozi moja haimtoshi. Shirika la Afya Duniani limekuja kutoa mwongozo wa kuigawa kwa jamii nzima mwaka 2024, pale maambukizi yakifika asilimia 5. Mwaka 2024 wakuu.

fundi_mashimo

Mimi sio mtu wa afya ni fundi, nimejenga vyoo vya miradi. Naomba niseme ukweli ambao kwenye ripoti hauandikwi.

Tulijenga vyoo 30 kijiji cha wenyeji, tulimaliza kwa wakati, picha zikapigwa. Nilirudi baada ya miaka miwili kwa kazi nyingine, vilivyokuwa vinatumika ni vitano. Vingine wameweka kuni. Nikakaa na mzee mmoja akanieleza bila hasira. Alisema shimo mlichimba kiangazi, masika maji yanapanda, choo kinafurika kinatoka nje mpaka mlangoni kwangu, porini kilikuwa kinakaa mbali na mimi, nyie mmekileta karibu. Nikaenda kuangalia, ni kweli, bonde lile maji yako karibu mno na uso wa ardhi, tulitakiwa kuinua. Wao walituambia siku ya kwanza kabisa, kuna mama alituonyesha hadi alama ya maji kwenye mti, imefika kiunoni kwake. Tukamwambia ramani imeshapitishwa.

Hayo mambo ya kusema wanakataa choo huwa yananiuma sana.

msoma_slaidi (mleta uzi)

Fundi huo mti wenye alama ya maji umeniumiza kuliko takwimu zangu zote. Asante kwa kusema.

Na wakati mwingine hao wadudu wenyewe tunawapelekea sisi. Kuna kisa cha watu wa Ekari, nyanda za juu za Papua upande wa Indonesia, karibu na maziwa ya Paniai. Wanafuga nguruwe tangu zamani, nguruwe kwao ni mali, na tegu ya nguruwe walikuwa hawaijui. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaletewa nguruwe kutoka Bali, zawadi ya serikali, nao wana vifuko vya tegu kwenye nyama. Mtu akila nyama isiyoiva tegu inakaa utumboni, inatoa mayai na choo, mwingine akiyameza yale mayai hayawi tegu, yanakuwa vifuko mwilini mpaka kwenye ubongo, na vikikaa ubongoni vinaleta kifafa. Sasa kule juu usiku baridi ni kali, watu wanalala wamezunguka moto ndani ya nyumba. Kifafa kikimshika mtu usiku anaangukia motoni, na aliye kwenye kifafa hajivuti akiungua. Madaktari kwa mara ya kwanza waliona wagonjwa wa kuungua wanaongezeka tu, watu wazima, wameungua vibaya mpaka kwenye mfupa, hawaelewi kwanini watu waliolala na moto vizazi vyote leo wanaungua. Walipofuatilia ndio wakakuta tegu.

Huwa nikifikiria hapo nakosa maneno. Wangeweza kuandikiwa ripoti kwamba tatizo ni mila ya kulala na moto.

mdau_wa_pembeni

Mleta uzi nimekuelewa, narudisha maneno yangu kuhusu kuzoea. Swali la mwisho, dawa zao za miti je? Wana dawa za minyoo za asili, hazifai?

msoma_slaidi (mleta uzi)

Mdau umefanya vizuri kurudi. Zipo na zingine zinaua minyoo kweli. Kuna mmea unaitwa chenopodium, wenyeji wa Amerika wameutumia kwa minyoo tangu kabla ya wakoloni, na mafuta yake ndio yakaja kuwa moja ya dawa kuu za safura kwenye kampeni za mwanzoni mwa karne ya 20, hospitali kabisa. Tatizo ni kipimo, mafuta yale ukizidisha kidogo ni sumu, yaliua watu hasa watoto, ndio maana dawa salama zaidi zilipokuja yakaachwa. Kwa hiyo mama akikwambia anamchemshia mtoto jani usimcheke, muulize jani gani, kiasi gani, mara ngapi, na mwambie asichanganye na kidonge siku hiyo mpaka mjue ni nini. Mazungumzo yanaanzia hapo, ukimcheka yameisha.

Na kwa wanaosema haiwezekani kabisa, Korea Kusini mwaka 1971 walifanya utafiti wa nchi nzima wakakuta asilimia 84 ya watu wana mayai ya minyoo kwenye choo. Mwaka 2012 ni asilimia 2.6. Walitunga sheria 1966, watoto wa shule walipimwa choo mara mbili kwa mwaka, anayekutwa nayo anapewa dawa, mashambani wakaacha kutumia choo cha binadamu kama mbolea, vyoo vikajengwa, kipato kikapanda. Ilichukua zaidi ya miaka 20 na hawakuacha katikati. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba wao walipima, wakarudi, wakapima tena. Jamii za asili tunapima mara moja kwa ajili ya utafiti, matokeo yanaenda kwenye jarida, wenye choo hawajawahi kuambiwa walikutwa na nini.

nesi_wa_zamu

Kaka hujatuambia, ulirudi kule? Kwa wale akina mama?

msoma_slaidi (mleta uzi)

Nilirudi dada, baada ya karibu miaka miwili. Niliomba hadubini ya betri, tukaweka meza chini ya mti katikati ya makazi, mtu analeta sampuli naitengeneza mbele yake naisoma ndani ya nusu saa. Slaidi ya kwanza safura. Ya pili safura. Ya tatu nilisimama nikazunguka mti kwanza ndio nikakaa tena.

Kuna mama mtu mzima alikuwa amesimama pembeni muda mrefu, akaomba aone. Nikamshikia kiti, akafumba jicho moja kwa mkono, akaangalia kimya. Yai la safura ukilipata bichi ni zuri kwa kweli, la mviringo mrefu, jembamba, linang'aa, ndani kuna vichembe vinne vinagawanyika. Akauliza hiki kimetoka kwangu? Nikamwambia ndio. Akauliza kikitoka kinaenda wapi? Nikamweleza udongo, siku tano mpaka kumi, mguu. Akageuka akaonyesha kwa mkono njia moja inashuka nyuma ya nyumba kwenda majini, pembeni kuna vichaka, akasema wote tunapita pale, zamani hatukuwa na njia moja. Mimi nilikuwa nimetumia miaka kuelewa kitu ambacho yeye alikitaja akiwa bado ameshika kiti.

Dawa ilibadilishwa ikawa albendazoli na safari hii watu wazima walipewa, wajawazito wa miezi mitatu ya mwanzo wakaandikwa pembeni wapewe baadae, madini chuma yakagawiwa. Vijana wakafungua njia nyingine ya maji upande wa pili, hilo walifanya wenyewe hatukuwaambia. Vyoo mpaka naondoka havikuwa vimekuja. Ripoti yangu ya kwanza niliandika barua ifutwe, haijafutwa, ipo.

mpya_maabara

Kaka sasa mimi wiki ijayo tunaenda fildi kwa mara ya kwanza, nifanyeje nisirudie hilo kosa?

msoma_slaidi (mleta uzi)

Beba penseli mdogo wangu, kalamu inafutika kwenye kioo. Kwenye kona ya kila slaidi andika saa uliyoitengeneza, ukiisoma andika na saa uliyosoma kwenye daftari. Anza na safura, mchango na mjeledi vinakusubiri hata jioni. Ukikuta zimepita dakika 60, pale kwenye safura usiandike sifuri hata kama msimamizi amesimama nyuma yako anataka fomu. Andika haikusomwa, na uombe sampuli nyingine.